Msituni Mtakwenda na Pumzi Zenu

Desemba ya 2020 ilipokaribia, familia nyingi za Nairobi zilikuwa zimechoka kutazama kuta. Shule zilifungwa Machi kwa sababu ya korona, na wanafunzi wengi walikuwa bado hawajarudi darasani. Kafyu ilianza saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri, na Rais Uhuru Kenyatta alikuwa ameiongeza muda hadi Januari 3, 2021. Hoteli kubwa ziliogopwa kwa msongamano wake. Kwenda kwa wazee mashambani kuliogopwa kwa ajili ya wazee wenyewe. Ndipo watu wakakumbuka mabanda: vile vijumba vya kujipikia vya Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) kule Mlima Elgon, Kakamega, Meru, Tsavo Magharibi na Aberdare, pamoja na nyumba za mbao za watu binafsi kuanzia Naivasha hadi Nanyuki. Unalipa, unabeba chakula chako, unawaacha walimwengu na mambo yao kwa siku chache.

Wazo lilikuwa zuri. Lakini lilikuja na rundo la madai yaliyozunguka kwenye vikundi vya WhatsApp vya kila ukoo, na yakasikika tena Desemba 2021 aina mpya ya korona iitwayo Omicron ilipopamba moto. Sioni sababu yasirudi siku ugonjwa mwingine wa kupumua utakapozuka. Mengi yana ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayoponza. Nitayajibu moja baada ya jingine. Msimamo wangu niuseme mapema nisije nikasingiziwa: siwapingi wanaokwenda. Ninachopinga ni kudhani kwamba kujiandaa ni kuandika orodha ya mizigo. Safari ya namna hii inaandaliwa kwa kuchagua watu mtakaolala nao chini ya paa moja na hewa mtakayovuta pamoja, na kazi hiyo huanza wiki mbili kabla buti la gari halijafunguliwa.

"Korona iko mjini, huku msituni hewa ni safi"

Hewa ya msituni ni safi kweli, hilo halina ubishi. Ila hamlali msituni. Mnalala ndani ya banda, na banda la milimani limejengwa kuzuia baridi: madirisha madogo, mapazia mazito, dari ya mbao, mlango unaokaza mpaka uusukume kwa bega. Saa moja jioni giza linaingia, ukungu unashuka, watu wote wanane wanajazana sebuleni, mlango unafungwa, karata zinatolewa. Kuanzia hapo hadi alfajiri kila mmoja anavuta pumzi iliyotoka kwa mwenzake. Msitu uko nje ya kioo, nanyi mko ndani ya chumba kidogo kuliko sebule mliyoikimbia kule South B, Nairobi.

Mnamo Machi 10, 2020, kwaya ya Skagit Valley katika jimbo la Washington, Marekani, ilifanya mazoezi ya saa mbili na nusu. Walihudhuria watu 61, mmoja wao akiwa na dalili zilizofanana na mafua. Waliougua, pamoja na huyo mmoja, walifika 53, na wawili wakafariki. Mount Vernon, mji wao, ni mji mdogo uliozungukwa na mashamba. Hewa safi ya mashamba hayo haikuingia ukumbini kumwokoa mtu.

Na kabla ya banda kuna gari. Kutoka Nairobi hadi Kitale ni kilomita zipatazo 380, kisha bado mnaitafuta njia ya Mlima Elgon. Familia mbili zikibanana ndani ya gari moja la kukodi, vioo juu, kiyoyozi kikizungusha hewa ile ile, basi watakaoambukizana wameshaambukizana kabla ya kufika Nakuru. Kila nyumba isafiri na gari lake. Kama hilo haliwezekani, vioo vishushwe kidogo mbele na nyuma, barakoa zivaliwe, na anayelalamikia upepo apewe shuka.

"Sisi sote tumepima na tuko hasi"

Dai hili ndilo linaloonekana la kisomi kuliko yote, na limewaponza wasomi wengi.

Karatasi ya maabara inaeleza hali yako saa ile ulipoingizwa kijiti puani. Haielezi siku iliyofuata. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walilichambua jambo hili mwaka 2020, wakaona kwamba mtu akipimwa kwa PCR siku moja baada ya kuambukizwa, kipimo karibu kila mara kitasema hana kitu. Siku ya nne bado kinawakosa asilimia 67 ya walioambukizwa. Siku dalili zinapoanza, kwa kawaida ya tano, kinawakosa asilimia 38, na hata siku ya nane, ambayo ndiyo siku yake nzuri kabisa, mtu mmoja kati ya watano anapita. Kwa hiyo binamu aliyehudhuria harusi Jumamosi, akapima Jumatatu, akaja na cheti Jumatano akikipeperusha kama tiketi, amekuja na karatasi isiyosema lolote kuhusu harusi ile.

Kuna kisa kinachofanana mno na safari zetu za mabanda. Juni 2020, kambi moja ya likizo ya vijana katika jimbo la Georgia, Marekani, ilifungua milango kwa sharti kwamba kila anayekuja aonyeshe kipimo hasi kilichofanywa ndani ya siku 12 kabla ya kufika. Wafanyakazi walivaa barakoa. Vijana hawakulazimishwa kuvaa. Walilala katika vibanda, wastani wa watu 15 kwa kila kibanda, wakaimba na kushangilia kila siku, na madirisha na milango ya majengo haikuachwa wazi ili hewa ipite. Usiku wa Juni 22 mfanyakazi mmoja, kijana, alishikwa na baridi ya homa. Siku mbili baadaye ikathibitika ana korona, na kambi ikaanza kuwarudisha watoto makwao. Wakazi wa Georgia waliokuwapo walikuwa 597. Kati ya 344 ambao matokeo yao yalipatikana, 260 walikuwa na virusi. Kila mmoja wao aliingia pale na cheti kizuri.

Majira hayo hayo, katika jimbo la Maine, kambi nne za kulala zilipokea watu 1,022 kutoka majimbo 41 na hata nchi za nje. Ukisikia idadi hiyo unatarajia balaa. Walioonekana na virusi baada ya kufika walikuwa watatu, wakatengwa mara moja, na hakuna hata mmoja aliyemwambukiza mwenzake. Hao nao walipima, kabla ya kuja na tena baada ya kufika, lakini kipimo kilikuwa sehemu tu ya kazi. Kabla ya kuondoka nyumbani walikaa karantini ya siku 10 hadi 14. Walipofika waligawanywa katika makundi ambayo hayakuchanganyika ovyo, wakavaa barakoa walipokutana na kundi jingine, na shughuli nyingi zikafanyika nje.

Kambi ya Georgia na zile za Maine zote zilikuwa za kulala, na zote zilitumia vipimo vya maabara. Kilichozitofautisha ni zile siku kumi hadi kumi na nne za kujizuia, makundi yasiyochanganyika na shughuli za nje.

Tulete hesabu hiyo kwetu. Kama mnaondoka Desemba 23, basi kuanzia tarehe 9 kila nyumba inayokuja ijizuie: hakuna sherehe, hakuna baa, sokoni aende mmoja na asubuhi mapema. Kipimo kifanywe siku mbili tatu kabla ya kuondoka. Najua ugumu uko wapi. Nani atamwambia mjomba aliyelipa nusu ya gharama kwamba asiende matangani? Matanga hayakwepeki, na sisemi yakwepwe. Nasema aliyekwenda matangani wiki ya safari asilale banda moja na wengine. Muuguzi, mwalimu, mwenye duka, yeyote ambaye kazi yake haimruhusu kujifungia, asisutwe wala asifichwe. Achukue banda lake la jirani, ale nanyi barazani, aote moto wa nje nanyi. Mabanda ya hifadhi mara nyingi hujengwa mawili matatu karibu karibu, kwa hiyo hilo linawezekana bila kumvunjia mtu heshima.

Wanaoongeza kwamba "tumechanjwa" niwajibu kwa ufupi. Chanjo ilianza kutolewa Kenya Machi 2021, na ilifanya kazi yake kubwa, yaani kupunguza watu kulazwa na kufa. Kuzuia maambukizi yenyewe ilikuwa kazi nyingine, na Omicron ilituonyesha hivyo. Mchanjwe, halafu mfungue dirisha.

"Tumebeba jiki na vitakasa mikono vya kutosha"

Hapa sina budi kuwatetea wanaodai hivi, maana walifundishwa. Mnamo Machi 28, 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mitandaoni kwamba korona haisambai kwa hewa, na mwaka mzima ukapita kabla ya maelezo yake kukiri waziwazi kwamba inasambaa hivyo katika vyumba visivyopitisha hewa. Katikati ya hayo watu walifuta pakiti za unga, wakaosha ndizi kwa sabuni, wakanyunyizia dawa hata funguo. Aprili 2021 kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilikadiria kwamba uwezekano wa kuambukizwa kwa kugusa kitu kimoja chenye virusi kwa kawaida haufiki mara 1 kati ya 10,000.

Nawa mikono, kwa sababu kipindupindu na kuhara havijaenda likizo, na katika banda lenye tangi moja la maji mnahitaji usafi huo. Lakini lita tano za jiki hazitasafisha hewa. Kinachosafisha hewa ni upenyo wa dirisha upande huu na upenyo mwingine upande wa pili, ili iingie huku itokee kule. Ukifika bandani, kabla ya kushusha mizigo, jaribu madirisha yote. Utakuta mengine yamevimba kwa unyevu, mengine yamepigwa misumari kuzuia nyani, na moja labda ndilo linalofunguka. Chumba chenye dirisha hilo wapewe wazee.

Sasa watu wanauliza, na baridi je? Swali ni la haki. Kituo cha Met Station, kwenye njia ya Naro Moru ya kupanda Mlima Kenya, kiko mita 3,050 juu ya usawa wa bahari, na baadhi ya mabanda ya Aberdare hayako chini sana kuliko hapo. Usiku wa huko unaingia mpaka mifupani. Jibu ambalo Mkenya analo mkononi ni jiko la makaa: liwake nje, moshi uishe, liletwe chumbani, mlango ufungwe. Na hapo ndipo mtu aliyekimbia korona anapouawa na kitu kingine kabisa.

Makaa yanayowaka mekundu bila moshi hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Inanata kwenye damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo damu inajaa na oksijeni inakosa nafasi. Kuisha kwa moshi si kuisha kwa gesi. Watu hulala, wasiamke.

Wakati wa janga hatari hii huongezeka maradufu, kwa sababu dalili zake za mwanzo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea. Mtu aliyeshinda miezi tisa akiogopa korona akizisikia atasema moja kwa moja: nimeupata. Atajifunika, atafungiwa chumbani peke yake na jiko lake, na familia itaona imemtenga vizuri. Zaidi ya hapo, watu wengi walinunua oksimita, kile kifaa cha kubana kidoleni. Oksimita ya kawaida haitofautishi damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba kaboni monoksaidi. Itakuonyesha 98 wakati mgonjwa anakufa mbele yako.

Kifaa hicho hicho kinaweza kukutisha bure upande wa pili. Kwenye mita 3,000 shinikizo la hewa ni asilimia 70 hivi ya lile la Mombasa. Mtu mzima wa afya aliyefika jana kutoka Nairobi anaweza kusoma 90 au 91 bila ugonjwa wowote. Mpime kila mmoja siku ya kwanza, muandike namba yake, kisha mfuatilie kama inashuka kutoka hapo.

Kwa hiyo jiko libaki nje, au barazani palipo wazi, likipika ugali na kuchoma mahindi. Meko yenye bomba la moshi ni sawa, ilimradi bomba halijazibwa na kiota, na mtunzaji atakwambia ukimuuliza. Chumbani ingieni na blanketi mbili zaidi kuliko mnavyodhani mnahitaji, soksi nzito, kofia za sufu, na chupa ya maji moto miguuni. Mkiamka nyote vichwa vinawauma kwa pamoja, hakuna mwenye homa, na mkitoka nje mnapata nafuu, msihangaike na kipimo cha korona. Tokeni wote, fungueni kila kitu, nendeni hospitali.

"Watoto hawaugui, na bibi anahitaji kubadilisha mazingira"

Ni mara chache watoto waliugua vibaya, lakini waliambukizwa vizuri tu. Katika kambi ile ya Georgia, walioambukizwa miongoni mwa watoto wa miaka 6 hadi 10 walikuwa asilimia 51, zaidi ya kundi lolote la vijana wakubwa kwao. Mtoto anayekimbia huku na huko akicheka anaweza kuwa ndiye anayemletea bibi yake ugonjwa, na hatajua.

Bibi mwenye presha au kisukari sio lazima aachwe. Apewe chumba chake, asilaliwe na wajukuu watatu kitandani kama ilivyo desturi yetu, na aketi nao mchana kutwa juani, ambako kila mtu anafurahi zaidi hata bila korona. Na aulizwe mwenyewe. Nimeona koo zikijadili safari ya bibi kwa wiki nzima bila mtu kumpigia simu.

"Vitu tutanunua huko huko, na hospitali ziko kila mahali"

Kununua huko kunaonekana ni kuwaungisha wenyeji, na katika mwaka wa kawaida ningekubali. Katika janga, watu wanane kutoka Nairobi wakiingia kwa zamu kwenye duka la soko dogo kuulizia mayai, maziwa na salio, wanapeleka hewa ya jiji mahali pasipo na hospitali ya jiji. Kama mnataka kuwaungisha, na ni vizuri mtake, mpigieni mtunzaji simu wiki moja kabla, aagize viazi, mboga na maziwa kwa jirani, mlipe kwa M-Pesa, mkute mizigo barazani.

Suala la hospitali ndilo zito. Uchunguzi uliofanywa janga lilipoanza ulikuta Kenya nzima ina vitanda 537 vya wagonjwa mahututi (ICU) na mashine 256 za kusaidia kupumua, na kaunti zenye angalau chumba kimoja cha ICU zilikuwa 22 tu kati ya 47. Hifadhi nzuri na hospitali kubwa mara nyingi haziko pamoja. Norway, nchi tajiri yenye zaidi ya nyumba 400,000 za likizo milimani na pwani, iliogopa jambo hilo hilo. Machi 2020 serikali yake iliwakataza watu kulala katika nyumba zao za likizo zilizo nje ya manispaa wanakoishi, kwa sababu vituo vya afya vya vijijini visingeweza kuwabeba wageni wakiugua. Marufuku hayo yaliondolewa Aprili 20. Watu walilalamika sana, maana kule nyumba ya likizo ni karibu kitu kitakatifu, lakini hoja ya serikali ilikuwa na mashiko.

Basi kabla ya kulipa, tafuta majibu matatu kwa simu. Hospitali ya karibu yenye oksijeni iko umbali gani, na barabara yake ikinyesha inapitika? Mtandao wa simu unashika bandani, au mpaka upande kilima fulani? Mkilazimika kukaa karantini hapo hapo wiki mbili zaidi, kuna nafasi? Dawa za presha, kisukari na pumu zibebwe za siku za safari pamoja na wiki mbili za akiba. Kipima joto, paracetamol, tochi, gesi ya kutosha na maji ya kunywa viingie garini kabla ya bia. Na mkubaliane mapema, kabla hajaugua mtu, ni chumba kipi kitakuwa cha mgonjwa na nani atamwendesha kurudi. Mazungumzo hayo yakifanywa usiku wa manane, huku mtu akikohoa chumba cha pili, huwa ugomvi.

"Mtunzaji wa banda atatushughulikia kila kitu"

Mfikirieni mtu huyo. Wikendi hii anawapokea ninyi, iliyopita aliwapokea wengine, ijayo atawapokea wengine tena. Anawasha kuni za kupasha maji, anatandika vitanda, anafua mashuka, kisha jioni anarudi kwa mkewe na watoto. Katika msururu mzima wa wageni, yeye ndiye anayekutana na wote, na ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote wa kujilipia hospitali. Wageni humwogopa yeye, eti ni mtu wa kuja na kwenda. Hesabu ilipaswa kwenda kinyume.

Ufunguo mpokelewe nje, kila mtu na barakoa yake. Mashuka mbebe yenu kutoka nyumbani. Mkiondoka, fungueni madirisha na mumwambie asiingie kusafisha mpaka hewa imebadilika. Bahashishi iongezwe. Na ikiwa mmoja wenu ataugua mkisharudi mjini, mtu wa kwanza kupigiwa simu awe yeye, hata kama aibu ni nyingi.

"Sheria tutazijua njiani"

Walioamini hivyo mwaka 2021 walijifunza Ijumaa ya Machi 26. Siku hiyo, zikiwa zimesalia siku tisa kabla ya Pasaka, Rais Kenyatta alitangaza kufungwa kwa Nairobi, Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru kuanzia usiku wa manane. Kaunti hizo tano zilihesabiwa eneo moja. Aliyekuwa amelipia Naivasha, iliyo kaunti ya Nakuru, aliweza kwenda. Aliyelipia Nanyuki, umbali wa saa chache tu upande mwingine, hakuweza kutoka, na aliyekuwa Nanyuki tayari alihangaika namna ya kurudi. Amri hiyo iliondolewa mwanzoni mwa Mei. Kafyu yenyewe iliendelea hadi Oktoba 20, 2021.

Funzo la kisheria ni dogo: chagueni banda lililo ndani ya kaunti yenu au ya jirani, ondokeni asubuhi ili kafyu, ikiwapo, isiwakute barabarani, na pesa ya mafuta ya kurudi isiguswe.

"Kusafiri wakati watu wanakufa ni ubinafsi mtupu"

Dai hili linatoka upande wa pili, na waliolitoa walikuwa wakali kuliko wote. Nalijibu kwa heshima kwa kuwa baadhi yao walikuwa wamezika.

Ni kweli kulikuwa na miezi ambayo hakuna aliyestahili kwenda popote, kama Aprili 2020, wakati Nairobi, Mombasa, Kilifi na Kwale zilikuwa zimefungwa. Lakini marufuku ya mwisho kati ya hayo yaliondolewa Julai 2020, na kuanzia hapo swali halikuwa tena kusafiri au kutosafiri. Watu walikuwa wanakwenda kazini, madukani, makanisani na misikitini. Mtu anayeketi nje, chini ya mti, na watu wa nyumba yake mwenyewe, yuko salama kuliko aliye kwenye matatu ya Kawangware asubuhi. Maambukizi ya mahali pa wazi yalikuwa machache sana ukilinganisha na ya ndani ya majengo, na hilo lilijulikana mapema.

Familia za vyumba viwili zilizofungiwa pamoja miezi tisa zilikuwa na majeraha yasiyohesabiwa kwenye taarifa za kila siku za aliyekuwa Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe. Mtoto kuona twiga badala ya skrini kwa siku tatu si anasa ya kumwonea mtu haya. Wahifadhi, waongoza watalii na wenye mabanda nao walikuwa na watoto wa kulisha, na wageni wa ng'ambo hawakuwapo. Kumwita kila msafiri mbinafsi kuliwafanya wengi waende kimyakimya, bila kuwaambia majirani, bila kujitenga kabla wala baada. Lawama ilileta siri, na siri ndiyo iliyosambaza ugonjwa.

Ubinafsi upo, ila haupo katika kwenda. Upo kwa mtu anayejua ana koo linalowasha na anaingia garini.

"Tumeshalipa, hakuna kurudi nyuma"

Na huyo mwenye koo linalowasha sababu yake huwa hii. Amana imekwenda, nyama imenunuliwa, watoto wamehesabu siku, na nani anataka kuwa yule aliyeharibu Krismasi ya ukoo mzima? Anameza vidonge viwili, anasema ni vumbi, anakaa kiti cha nyuma.

Dai hili halijibiwi siku ya safari, maana siku hiyo hakuna anayesikiliza. Linajibiwa siku ya kulipa. Muulize mwenye banda, kwa maandishi: nikiahirisha siku moja kabla kwa sababu ya ugonjwa, pesa zangu zinakuwaje? Akisema zinapotea zote, tafuta banda jingine, hata kama lile lina mandhari mazuri zaidi. Akikubali kusogeza tarehe, lipa. Kisha waandikie watu wako wote ujumbe mmoja ulio wazi: atakayesikia vibaya wiki ya safari asiende, hatalipa zaidi, na hatasimangwa na mtu. Autume aliye mkubwa katika familia, ili neno hilo liwe na uzito, na autume kabla ya mtu yeyote kuanza kukohoa.